Naomba ushauri: mtoto wa mbwa anayepona parvo hataki maji

Hamjambo wapenzi wa mbwa. Nina mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, kilo nne hivi, tuko Umoja. Aliugua parvo (ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa), akalazwa kwa daktari wa mifugo na kuwekewa dripu, sasa yuko nyumbani. Kutapika kumekoma, lakini bado anaharisha majimaji, na bakuli la maji analinusa tu kisha anageuza uso. Jamani, huyu ndiye aliyekuwa akivamia hata beseni la kufulia!

Nimejaribu ORS (ya kurudisha maji mwilini) ile ya watoto ya duka la dawa, kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kidogo kidogo pembeni mwa shavu. Mwanzo anameza, nikiongeza anabana meno na kutema. Supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu anailamba kwenye kidole, basi. Nikivuta ngozi ya shingoni kupima kama amepungukiwa maji, inarudi, ila polepole kuliko ya mama yake (yeye amechanjwa, yuko salama), na ufizi unanata ukiugusa. Mkojo ni mchache, njano iliyokolea.

Daktari alisema niendelee kumnywesha, hakutaja kiasi, na sasa simu yake haipatikani.

Waliowahi kuuguza parvo: kwa uzito huu mlikuwa mnampa mililita ngapi kwa saa bila kumrudisha kwenye kutapika? Na hiyo ngozi na ufizi, ni vya kusubiri hadi asubuhi au nitafute kliniki ya usiku awekewe dripu tena?