Mkopo wenye riba nao tuuite msaada wa tabianchi?

Wakuu, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, ili nchi maskini zipate teknolojia safi na kujikinga na mabadiliko ya tabianchi. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ya nchi nyingi tajiri, kiwango hicho kilifikiwa 2022. Kuchelewa nasamehe. Kinachonikera ni kwamba zaidi ya nusu ya fedha za umma zilizohesabiwa ni mikopo, na mkopo unahesabiwa wote, hata ile sehemu itakayorudi kwa mwenyewe na riba juu.

Tazama mtambo wa umeme wa jua. Haununui mafuta, karibu gharama yote unaitoa wakati wa kuujenga. Kwa hiyo riba ndiyo inayoamua bei ya umeme. Kopa dola milioni 100 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 4, ukilipa kiasi kilekile kila mwaka, utarudisha kama milioni 147. Ikiwa asilimia 12, jiandae na karibu milioni 268. Paneli ni zilezile, jua ni lilelile.

Ruzuku, yaani fedha isiyorudishwa, si ndoto. Mfuko wa Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, ulioanza kazi 1991, hulipia gharama ya ziada ya viwanda kuachana na gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. Kaboni ina nini?

— Mkuu, unalinganisha kichuguu na mlima. Gesi zile zilitoka kwenye viwanda vya kuhesabika. Nishati imo kwenye kila kitu. Na riba kubwa si roho mbaya tu. Unakopa dola, unauza umeme kwa sarafu yako. Sarafu ikiporomoka, nani alipe?

— Hapo umenishika. Basi ruzuku hiyo kidogo iliyopo ibebe hatari ya sarafu, riba ishuke. Kuliko kuigeuza mkopo mwingine juu ya madeni tuliyonayo.

— Nyote mnapigania bei ya samaki, nyavu hamna. Zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wa paneli, kila hatua kuu, iko China. Hata riba ikiwa sifuri, tutabaki wanunuzi.

— Nyavu nazitaka pia, ndugu yangu. Ila kiwanda cha paneli nacho kitajengwa kwa mkopo. Kwa riba ipi?