Uingereza baada ya kutoka Umoja wa Ulaya: imepata au imepigwa?

Mtu wa Mwaloni
Wakuu, habari za jioni. Hapa Kirumba kuna jamaa ananunua dagaa. Kila akikwama kwenye vibali anasema Tanzania nayo itoke Jumuiya ya Afrika Mashariki, "kama Waingereza". Wale walipiga kura Juni 2016, wakatoka Januari 31, 2020. Kiuchumi wamepanda au wameshuka? Nipeni hoja za kumnyamazisha, au kama yuko sahihi nimpe haki yake.

Wakala wa Mizigo
Mkuu, ushuru haukurudi. Mkataba wao na Ulaya uliuweka sifuri kwa bidhaa zenye asili ya pande hizo mbili. Kilichorudi, tangu Januari 2021, ni makaratasi. Mwingereza anayepeleka samaki Ufaransa sasa anahitaji cheti cha afya kwa kila mzigo, tena kilichosainiwa na mkaguzi anayetambulika. Kiwanda kikubwa kinaajiri mtu wa kazi hiyo tu. Mwenye katoni chache akipiga hesabu anaona cheti kinakula faida yote, anaacha. Sisi wa minofu ya sangara hatuhitaji kusimuliwa, samaki hasubiri mhuri! Ofisi yao huru ya makadirio ya bajeti inasema tija ya uchumi itakuwa chini kwa takriban asilimia 4, kwa muda mrefu, kuliko kama wangebaki.

Kijana wa Nyegezi
Msiwazike bado. Benki, bima na mawakili wa London wanauza huduma dunia nzima. Halafu korona na vita vya Ukraine viliingia humo humo, mnatenganishaje hasara? Desemba 2024 wameingia mkataba wa biashara wa nchi za Pasifiki.

Wakala wa Mizigo
Huo wa Pasifiki, makadirio ya serikali yao wenyewe hayafiki hata asilimia 0.1 ya pato la taifa. Ulaya ipo ng'ambo ya mkondo tu, Japani je?

Mzee wa Bandarini
Wanangu, sisi tulishavunja jumuiya 1977. Mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Meli zikagawanywa: Victoria ikabaki kwetu, Uhuru ikabaki Kisumu. Mwingereza hajafika huko. Huyo jamaa muulize dagaa wake wanaliwa wapi.

Mtu wa Mwaloni
Shikamoo mzee. Nimemuuliza: Goma. Nikamwambia Kongo nayo imo kwenye jumuiya tangu 2022. Sasa anadai alikuwa anazungumzia vibali tu.