Plasta imetoka, mguu bado hautaki: niende Kundelungu au nibaki?

Yaya_Kinga, Katuba

Jambo yenu wote. Mimi ni mtu wa kutembea porini na kupanda kinga (baiskeli). Baadhi yenu tunapishana Jumapili alfajiri barabara ya Kasenga, saa ile wauza makala (mkaa) wanaingia Lubumbashi wakisukuma kinga zao, magunia yamepita kichwa.

Mvua zilipokuwa zinaisha, tulikuwa tunashuka kando ya mto. Nikateleza kwenye jiwe lenye utelezi wa kijani. Mguu ulibaki katikati ya mawe mawili, mwili ukaendelea na safari. Ukavunjika ule mfupa mwembamba wa nje, pale kwenye kifundo. Hawakunipasua, nilipewa plasta na magongo.

Sasa plasta imetoka, radio (picha ya mfupa) inaonyesha mfupa umeunga. Daktari akaniambia "tembea polepole", akaita mgonjwa mwingine. Polepole ndiyo kiasi gani? Shavu la mguu limenywea mpaka soksi inashuka yenyewe. Asubuhi natembea vizuri kabisa. Jioni nikitoka soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, kifundo kimevimba, mkanda wa kandambili umeacha mfereji kwenye ngozi. Kupanda ngazi si shida. Kushuka ndiyo kunaniaibisha, nashika ukuta mbele ya watoto wa jirani.

Na kundi letu linapanga kwenda mbuga ya Kundelungu kiangazi kikianza, kabla maji ya maporomoko ya Lofoi hayajapungua. Kwa asiyepajua: maporomoko yale yanaanguka zaidi ya mita 300, na ukitoka juu kwenye uwanda ukataka kuyaona kwa chini, ni mteremko wa mawe, halafu uupande tena. WhatsApp imejaa mipango yao. Nimefika mahali nimelizima kundi nisione kitu. Mama naye kila jioni: "Nani alikutuma kupanda mawe? Nyumbani kazi zimeisha?" Anataka anipeleke kwa mzee mmoja anayevuta mifupa.

Nitajuaje mguu uko tayari? Na nyie mliowahi kukalishwa nyumbani, hamu mliipeleka wapi?

Kine_Kampemba

Pole sana dada. Nafanya kazi ya kine (tiba ya mazoezi ya viungo), lakini mguu wako sijaushika, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni anayekutibu.

Mwambie mama, kwa heshima yote, mfupa ulioungana hauvutwi. Uvimbe wa jioni unaweza kudumu miezi, usikutishe. Lala, mguu uwe juu ya mito kupita usawa wa moyo. Ila shavu la mguu likivimba na kuuma, ngozi ikawa ya moto, au pumzi ikakukata, hiyo usingoje kesho, nenda hospitali usiku huohuo. Inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa.

Kuhusu ngazi: ukishuka, misuli inafanya kazi huku inarefuka, ndiyo breki yako. Yako imenywea. Tena kifundo kilichokaa ndani ya plasta kinasahau kujua kimekanyaga vipi, ndiyo maana kinapinduka kwenye kokoto ndogo. Shika fremu ya mlango, inuka kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha ushuke taratibu kwa ule mbovu peke yake. Ukipiga mswaki, simama kwa mguu huo mmoja. Ukizoea, funga macho, utaona mwenyewe.

Kundelungu usipange kwa kalenda. Panga ukiweza kuinua kisigino mara nyingi kama mguu mzima, ukiruka kwa mguu mmoja bila woga, na ukishuka ngazi bila ukuta. Kisha angalia asubuhi ya kesho yake: kifundo kikiamka kimevimba kuliko jana, ulizidisha.

Kinga inaweza kutangulia, kwa sababu kiti kinabeba mwili. Lami tu kwanza. Kwenye mchanga utalazimika kutupa mguu chini ghafla.

Chuma_Tupu

Kine anatisha watu bure. Mfupa ukiunga unakuwa na nguvu kupita wa kwanza. Funga bandeji, nenda.

Kine_Kampemba

Pale ulipounga panavimba mfupa mpya, ni kweli, lakini mwili unauchonga kwa miezi, hata miaka, urudi kuwa mfupa wa kawaida. Halafu kitakachomwangusha kule si mfupa, ni kano na misuli. Bandeji haijui kushuka mlima.

Mzee_wa_Lufira

Binti yangu, mimi ni goti, kano ya ndani ilikatika, na nilikuwa na hasira ambayo mke wangu hapendi ikumbushwe. Marafiki walinionea huruma wakanifanya mlinzi wa mabegi. Nilikataa. Mtu mzima anayelinda mabegi!

Nikaanza kwenda ziwa Tshangalele, lile la bwawa la Mwadingusha, kukaa tu ukingoni na darubini ya kuazima. Kuna mnana wa Lufira, ndege mdogo wa manjano, kinyago cheusi usoni, watu wanatoka Ulaya kumtafuta bondeni kwetu. Mimi nilikuwa nimempita miaka yote nikikimbilia milima. Sasa nawajua kwa sauti.

Lakini kundi usilizime. Omba kazi yenye maana. Kaa juu ya uwanda na gari, andika nani ameshuka na saa gani, shika saa ya kurudi: ikifika na mtu hajaonekana, wewe ndiye unayejua uanzie wapi kumtafuta. Watu wengi hushuka wote, wakishapata shida hakuna wa kuita msaada.

Yaya_Kinga

Asante baba, asante kine. Leo nimejaribu mlangoni: mguu mzima unapanda na kushuka kama kawaida, huu mwingine umetetemeka na kukataa mapema sana. Basi nimejibu kundini, nitakaa juu na gari, na saa ya kurudi nitaipanga mimi, wasije kulalamika. Mama amesikia neno "gari" akanyamaza kidogo, mambo ya mzee wa mifupa tutayaongea kesho.

Chuma_Tupu, na wewe unakuja? Wewe ndiye nitakuandika wa kwanza.

Kuna mwenye darubini ya kuazimisha huku Katuba?