Canon 200D, hela ya lenzi mbili, orodha ina sita: nianze na ipi?

Mtoto_wa_Kikuyu
Wakuu salaam. Nina Canon EOS 200D na ile lenzi ya milimita 18-55 f/4-5.6 iliyokuja nayo kwenye boksi (namba ya f ni tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kazi ni send-off, kitchen party na harusi kwenye kumbi za hapa mjini Dodoma, mahafali ya UDOM na Mipango, na mara mojamoja maharusi wanataka picha za nje kwenye mashamba ya zabibu Hombolo au chini ya mibuyu. Orodha ya matamanio mpaka sasa:

Canon EF 50 f/1.8 STM
Canon EF 85 f/1.8 USM
Sigma 17-50 f/2.8 OS
Sigma 18-35 f/1.8 Art
Canon EF 70-200 f/2.8L
Canon EF-S 10-18

Hela inatosha mbili, na moja kati ya hizo lazima iwe ya bei ya chini. Ukumbini ISO (wepesi wa kamera kudaka mwanga) inapanda hadi 6400, picha inajaa chenga. Nianze na ipi? Au nisubiri kwanza nihamie kamera zisizo na kioo (mirrorless) kama Canon R? Nawasilisha.

ZabibuKavu
50 f/1.8 STM, mpya. Nyingine mbwembwe tu.

Tepu_Mkononi
Weka majina ya lenzi pembeni kwanza, chukua tepu. Sensa ya 200D, kile kipande cha ndani kinachodaka picha, ina milimita 22.3 kwa 14.9. Kanuni yake: umbali wa kusimama = milimita za lenzi × ukubwa wa eneo unalotaka ÷ 22.3, kama eneo hilo linalala kwenye upande mrefu wa picha.

Bibi harusi amesimama, kamera iko wima, unataka mita 2.2 toka chini hadi juu ili viatu na shela viingie na juu ibaki nafasi kidogo. Kwa lenzi ya 24 unasimama mita 2.4. Kwa 50 ni mita 4.9. Kwa 70-200 ikiwa kwenye 70 ni mita 6.9, na kwa 85 ni mita 8.4.

Sasa nenda ukumbini ukapime toka meza kuu hadi meza ya kwanza ya wageni. Ukikuta mita 5, humo humo kuna MC, mtu wa video na kamati nzima. 85 inakutoa mlangoni. Ni lenzi nzuri kweli, ila uzuri wake utauona shambani Hombolo.

Nzuguni_B
Kwa hesabu hiyo hiyo, 50 haifai kitchen party. Chumba kina mita 4, akina mama wamekaa mduara, utapata vichwa tu. Kuna Canon EF-S 24 f/2.8 STM ambayo haimo kwenye orodha yako na ilitakiwa iwemo: gramu 125, inashika fokasi hadi sentimita 16, na shingoni huisikii.

Dada_Shata
Chenga zinaanzia hapa: 18-55 ukiivuta hadi 55, tundu lake linaishia f/5.6. f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 (gawa 5.6 kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe: 9.7). Maana yake ISO 6400 inashuka hadi 640 bila kugusa shata (muda wa kuingiza mwanga). f/2.8 inakupa mara 4, yaani ISO 1600.

Ila f/1.8 ina deni lake. Kwa 50, mtu akiwa mita 2, eneo linalotoka kali ni sentimita 11, mbele na nyuma kwa pamoja. Angalia kulishana keki: mikono imetangulia, nyuso ziko nyuma yake, na bwana hajasimama mstari mmoja na bibi. Fokasi ikidaka kipande cha keki, nyuso zote mbili zimeondoka. Hapo rudi hadi mita 3 na weka f/2.8, unapata sentimita 38 hivi. Chagua nukta ya katikati mwenyewe, ielekeze kwenye jicho la aliye karibu, usiiachie kamera ichague kati ya nukta 9.

Jambo la pili, taa za LED za ukumbini. Umeme wetu ni wa hertzi 50, kwa hiyo taa za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/200 na kuendelea italeta mistari ya giza, au picha moja ya njano na inayofuata ya kijani. Kwenye hotuba baki 1/100. Kwenye muziki huna ujanja, panda 1/200 na uongeze flashi ya kugonga dari. Lakini tazama juu kwanza: dari iliyofunikwa vitambaa vya zambarau itakurudishia zambarau usoni mwa bibi harusi, na hapo hakuna lenzi itakayokuokoa.

Tepu_Mkononi
Naongezea: usiiuze hiyo 18-55. Picha ya ukoo, mstari wa mita 6, kwa 18 unasimama mita 4.8. Kwenye f/4 ukifokasi hapo, kila kitu kuanzia mita 2.3 hivi hadi mwisho wa ukumbi kinatoka kali, safu tatu zote. Weka flashi, kazi imeisha. Ndiyo maana 10-18 naiona ya kusubiri. Kwa 10 utasimama mita 2.7 kweli, lakini shangazi aliyekaa ukingoni atatoka mpana mara moja na nusu, na atauliza. Hiyo ipeleke kwenye picha za nyumba, au kwenye michoro ya mapangoni Kolo kule Kondoa ambako nyuma yako hakuna pa kurudi.

Mtoto_wa_Kikuyu
Nimeelewa 85 na 10-18 zitasubiri. Vipi kati ya Sigma mbili? 18-35 ina f/1.8, moyo uko huko. Na mtumba wa Kariakoo ni salama?

FundiLenzi_Majengo
18-35 Art ni lenzi safi sana, ila ina gramu 810 na haina kituliza mtikisiko. 35 yake ikiisha, imeisha. Uso wa mtu aliye mita 4 huupati bila kukata picha. Halafu, 200D haina sehemu ya kurekebisha fokasi ya lenzi moja moja. Lenzi ikikosea sentimita 5 nyuma kwenye f/1.8, utaliona kosa kila picha. 18-35 inakubali kile kifaa cha Sigma cha USB, unairekebisha kwa kompyuta. 17-50 ni ya kizazi cha kabla, haikikubali. Dawa yake ni kutumia skrini badala ya tundu la kuchungulia: hapo 200D inapima fokasi kwenye sensa yenyewe, kosa la aina hiyo linatoweka.

Kwa harusi ningeshika 17-50. f/2.8 mwanzo hadi mwisho, na ina kituliza mtikisiko. Kumbuka tu kwamba kinatuliza mkono wako, kamwe si miguu ya wanaocheza.

Mtumba, fanya hivi palepale dukani. Zima kamera, toa lenzi, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi uangalie kwa mbele, halafu geuza. Lenzi za Canon EF zikiwa nje ya kamera tundu hubaki wazi, kwa hiyo utaona ndani kote. Vumbi la punje chache lisikutishe. Unachotafuta ni nyuzi kama utando wa buibui: huo ni fangasi, na lenzi iliyoishi pwani kwenye unyevu iangalie mara mbili. Ukiona utando kama pumzi kwenye kioo, acha.

Kisha ifunge kwenye kamera yako. Piga f/2.8, halafu f/8, halafu f/16, kwenye 17, 35 na 50. Usiruke hatua hii. Waya mwembamba unaopeleka amri kwenye tundu hukatika taratibu kwa kukunjwa kila unapozumu. Ukipiga tundu likiwa wazi kabisa hakuna kinachosogea, kamera haigundui kitu. Ukifunga hadi f/8 ndipo inatokea Err 01. Muuzaji atasema safisha shaba za nyuma. Safisha kweli, kwa kitambaa kikavu. Ikirudi kwenye milimita zilezile, ni waya.

Nzuguni_B
Na 70-200 f/2.8L kodi tu siku ya mahafali. Ukiwa mita 15 toka jukwaani na unataka mhitimu kuanzia kiunoni, eneo la mita 1.2 juu hadi chini, kamera ikiwa ya kulala (hapo gawa kwa 14.9, si 22.3), unahitaji 186 hivi. Nje kwenye jua hata EF-S 55-250 STM ya gramu 375 inafanya kazi hiyo. Ile L toleo la pili ina gramu 1,490; ibebe toka saa mbili asubuhi utajua.

ZabibuKavu
Hombolo saa saba mchana: ISO 100, f/1.8 inadai shata ya 1/8000. 200D inaishia 1/4000. Picha itaungua, mawingu yote yamekwenda. Na ukitaka kuwasha flashi ya kawaida kujaza vivuli vya machoni, mwisho ni 1/200. Hivyo unahitaji filta ya giza. ND8 inakushusha hadi 1/1000 kwenye f/1.8. ND64 inakufikisha 1/125, hapo flashi inaingia.

Vumbi la kiangazi: kamera zima, mgongo kwenye upepo, mdomo wa kamera uangalie chini, lenzi mpya iwe tayari imefunguliwa kifuniko cha nyuma. Mchanga ukikaa kwenye kioo cha mbele, puliza kwa kipulizio cha mpira kwanza, kitambaa baadaye. Usipulize kwa mdomo, mate yatabaki. Madoa yakionekana angani kwenye f/16 na kwenye f/2.8 hayapo, yako kwenye sensa. Kusugua lenzi ni kazi bure.

Dada_Shata
Kuhusu kusubiri: usisubiri. EF na EF-S zote zinaingia kwenye Canon R kwa adapta ya Canon na fokasi inafanya kazi. Kinyume chake hakiwezekani, lenzi za RF (za Canon R) haziingii 200D. Adapta ni bomba tupu la kujaza nafasi: EF inakaa milimita 44 toka kwenye sensa, RF 20, haina kioo ndani cha kupunguza ubora.

Ila tukiongelea matamanio kweli: Nikon walitoa 35 f/1.8 ya sensa ndogo mwaka 2009. Canon kwenye EF-S, lenzi zao za sensa ndogo, hawakuwahi. Walitupa 24 f/2.8 na 35 f/2.8 ya vitu vidogo, anayetaka mwanga zaidi anasukumwa kwenye EF 35 f/2 IS ya fulu fremu (sensa kubwa). Kwenye RF-S (lenzi za Canon R za sensa ndogo) nako zumu za Canon ni za tundu dogo, mpaka Sigma walipoingia mwaka 2024 na 18-50 f/2.8. Mimi natamani 50-100 f/1.8 ya Sigma ile ya 2016, ila nyepesi. Ya sasa inakaribia kilo moja na nusu.

Mtoto_wa_Kikuyu
Asanteni sana wakuu. Kwa hiyo: 50 STM mpya sasa, Sigma 17-50 mtumba baada ya kuipima f/8 na f/16, 70-200 ya kukodi. Filta nichukue moja ya milimita 77 na pete ya kupunguzia, itumike kwenye 50 pia?

FundiLenzi_Majengo
77 ni saizi ya 17-50 na ya 70-200, hapo uko sahihi. Kwa 50 nunua ya 49 peke yake. Uzi wa filta wa ile 50 uko kwenye bomba la ndani linaloingia na kutoka wakati wa kufokasi, na glasi ya 77 ni mzigo kwa mota ndogo kama ile. Na kabla ya kuzima kamera, fokasi mbali kwanza ili bomba liingie ndani. Ukizima likiwa nje, usilisukume kwa kidole. Washa tena ulirudishe.