Msitu wa Kakamega kwa siku moja: Buyangu au Isecheno?

Mwalimu wa Kisumu: Hamjambo wenzangu. Nawapeleka wanafunzi 30 wa Gredi ya 8 katika Msitu wa Kakamega, tuondoke Kisumu alfajiri na kurudi jioni. Tuingilie Buyangu, upande wa kaskazini, au Isecheno, upande wa kusini?

Mwana wa Shinyalu: Karibu kwetu, Mwalimu. Kwa watoto wasiowahi kuona msitu mnene, Isecheno inafaa zaidi, kwa sababu miti mikongwe iko karibu na njia na waongozaji ni vijana wa hapa wanaoijua kwa majina ya Kiluhya na matumizi yake. Waombe wawaonyeshe mti ulionyongwa na mtini: mizizi ya mtini huteremka kama kamba, ikauzingira mti uliobeba mbegu yake, na hatimaye mti wa ndani ukaoza, ukabaki uwazi ambao mtoto anaweza kusimama ndani yake akatazama juu. Mbega nao hupita matawini asubuhi. Watoto wakiangalia vizuri mkono wake, wataona hauna kidole gumba.

Bi. Nekesa: Sikubaliani kabisa na Mwana wa Shinyalu, ingawa mtini huo nimeuona na ni kweli unashangaza. Buyangu ni hifadhi ya taifa tangu 1985, chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na kutoka juu ya kilima cha Buyangu mtoto anaona kwa jicho lake mahali msitu unapokomea na mashamba yanapoanzia. Kuna pia maporomoko ya Mto Isiukhu, ambao maji yake huingia Mto Nzoia na kuishia katika ziwa lenu hapo Kisumu. Somo gani la jiografia litashinda hilo? Ada mlipe mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Mzee wa Khayega: Mwalimu, lolote utakaloamua, usijaribu pande zote mbili kwa siku moja, wala usiende Aprili. Mwaka mmoja basi letu lilizama matopeni mwezi huo, tukashinda tukilisukuma, na watoto hawakumwona hata kima mmoja. Nenda Januari, na muwe msituni kabla ya saa mbili asubuhi, kwani mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri.

Mwalimu wa Kisumu: Asanteni sana. Hoja ya mto imenishinda: tutakwenda Buyangu, Januari. Mwana wa Shinyalu, je, huko kaskazini nako tutapata mtini wa aina hiyo?

Mwana wa Shinyalu: Mtaupata, Mwalimu. Mwulize mwongozaji mara tu mnapoingia.