Gephi, NodeXL au pyvis (vyombo vya kuchora nani kaungana na nani): ipi ifae mtandao wa maoni ya YouTube?

Raskazone_K: Wakuu, orodha ipo tayari: video 40 za YouTube zinazohusu Coastal Union na African Sports, timu za soka watani wa jadi wa Tanga. Nataka mchoro wa watoa maoni, nani yuko wapi na nani anaonekana kote kote. Uwe wa kubofya, ufunguke kwenye simu hata bando likiisha. Laptop ni ya RAM GB 4.

mkonge_data: Kabla ya chombo, data. API ya YouTube (mlango wa programu kuvuta data) inatoa mgawo wa yuniti 10,000 kwa siku. Ombi moja la `commentThreads` (mijadala ya maoni) linakula 1 na kuleta hadi maoni 100. La `search` (kutafuta video) linakula 100. Orodha unayo, basi search usiiguse. Mgawo unaanza upya saa sita usiku ya California, kwetu saa 4 au saa 5 asubuhi kutegemea majira yao.

Mtego uko kwenye majibu. `commentThreads` haileti majibu yote, mjadala mrefu ufuate kwa `comments` ukitumia `parentId` (kitambulisho cha maoni mama). Na hata jibu la jibu hubeba `parentId` ya maoni ya juu kabisa. Ukichora "nani kamjibu nani" kwa safu hiyo peke yake, aliyeanzisha mjadala ataonekana mfalme wa mtaa, kumbe watu wanagombana wenyewe huko chini. Soma jina lenye @ mwanzoni mwa jibu.

Bi_Chumbageni: Naongezea: msiunganishe watu kwa kuwa tu wamekutana kwenye video moja. Video ya watoa maoni 300 inazaa viungo (mistari ya mtu kwa mtu) 44,850, na GB 4 itakata roho. Weka nodi (vitone vya mchoro) za aina mbili, mtu na video, uzito wa kiungo uwe idadi ya maoni yake. Kisha ondoa waliotokea kwenye video moja tu.

Halafu kutoa maoni si kushabikia. Watani wanaingia kwa mwenzao kuzomea. Mchoro utakuonyesha nani anafika wapi, moyo wake hautauonyesha.

mkonge_data: Kweli kabisa, dada.

Sasa vyombo. NodeXL inakaa ndani ya Excel ya Windows, na kuvuta data ya mitandao kunataka toleo la kulipia. Kwa kazi hii naiacha. Gephi ni ya bure na kwa kuchunguza sijaona mpinzani wake: ingiza CSV yenye safu za Source, Target na Weight, endesha ForceAtlas2 (inasogeza pamoja nodi zilizoungana), ukimaliza ndipo uwashe Prevent Overlap zisipandane. Modularity, inayogawa nodi kwa makundi, inaweza kutoa makundi tofauti kila ukiiendesha. Nodi inayohamahama usiipe jina la kundi.

Ngamiani_12: Kuchunguza sawa, kaka, lakini kugawa? SigmaExporter, nyongeza ya Gephi ya kutoa mchoro wa kubofya, inatoa folda nzima. Mtu akibofya `index.html` anaona ukurasa mweupe, kwa sababu kivinjari kinazuia kusoma `data.json` bila seva. Kwenye kompyuta `python -m http.server` inawasha seva na kutatua, kwenye simu ya mtu hapana. Mimi nasema pyvis, ya Python: ukiweka `cdn_resources="in_line"` msimbo wa kuchorea unaingia ndani ya faili moja la HTML. Kwenye Windows `write_html`, amri ya kuhifadhi, inaweza kugoma kwa kosa la herufi; chukua `generate_html()` uandike faili mwenyewe kwa `encoding="utf-8"`.

Bi_Chumbageni: Na majina ya chaneli yageuzwe M001, M002 kabla ya kugawa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na watani wana hasira.

Raskazone_K: Basi pyvis. Ila nodi zinatikisika hazitulii. Nikipanga kwa `spring_layout` ya networkx (maktaba ya Python) na kuzima fizikia, yaani mvutano unaozisogeza, zote zinarundikana katikati.

Ngamiani_12: `spring_layout` inatoa namba kati ya -1 na 1, na pyvis inazisoma kama pikseli. Zidisha x na y kwa 1000, uzifunge kwa `float()` ziwe desimali za kawaida, ndipo `toggle_physics(False)`.