Tupeane uzoefu: sanaa iliyotoka kwenye ghasia za mijini, Paris 1968 na Watts 1965

Wakuu, ghasia zikiisha hubaki picha za moshi na takwimu za polisi. Uzi huu ni wa kazi zilizotengenezwa humo humo. Mwenye ujuzi wa namna zilivyofanywa aumwage.

Mchapaji
Atelier Populaire, karakana ya mabango ya Paris. Mei 1968 wanafunzi na wasanii waliikalia École des Beaux-Arts, chuo cha sanaa. Bango la kwanza lilikuwa litografia (chapa ya jiwe), nakala 30 hivi, kasi ndogo mno kwa nchi iliyogoma. Wakahamia skrini, yaani kupitisha wino kwenye wavu uliofunikwa stensili. Hakuna aliyetia saini. Kila mchoro ulijadiliwa kwenye mkutano kwa maswali mawili: wazo lake la kisiasa ni sahihi? Bango linalifikisha? Siasa yao ipo kwenye maswali hayo kuliko kwenye ngumi walizochora. Polisi waliwatoa Juni 27.

FundiSkrini
Mkuu, wengi wanaoiga mabango yale huharibu kwenye wavu. Nyuzi 43 kwa sentimita zinatosha kwa herufi nene. Acha mwanya wa milimita 3 kati ya wavu na karatasi, la sivyo wavu unang'ang'ania na kingo zinavuja. Kwa stensili ya karatasi, kitovu cha O hakihitaji daraja (kipande cha kukishikilia): kiweke mahali pake, wino utakaouvuta mara ya kwanza utakigandisha kwenye wavu. Wino wa maji hukauka upesi kwenye joto na kuziba matundu, kwa hiyo baada ya kila nakala rudisha wino ufunike wavu, bila kukandamiza. Karatasi ya gazeti hunywa haraka. Wino ukizidi, inajikunja.

Kijiwe cha Sanaa
Msisahau ghasia za Watts, mtaa wa Los Angeles, Agosti 1965. Watu 34 walikufa. Wasanii Noah Purifoy na Judson Powell waliokota tani 3 za mabaki yaliyoungua, zikiwemo taa za neoni zilizoyeyuka na kuganda kama vito. Mwaka 1966 yakawa maonyesho, 66 Signs of Neon.

Anayejaribu mbao zilizoungua: piga brashi mkaa uliolegea, kisha pitisha gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, mara tatu au nne. Ukipaka nzito mara moja inabaki juu kama ngozi, halafu inabanduka na mkaa wake. Skrubu ifike kwenye sehemu ya mbao isiyoungua.

Mchapaji
Na tofauti kati ya waliosoma Watts na waliofanya kazi humo ni kubwa. Wasituationisti wa Paris, kundi la wasanii na wanafikra wa kimapinduzi, waliusoma uporaji wa Watts kama hukumu dhidi ya bidhaa zenyewe. Waliandika kutoka mbali. Purifoy aliinama kwenye majivu ya mtaa aliofanyia kazi, nami nasimama naye.